Moshi wa basi una hesabu mbili

Mabasi mapya yanapozinduliwa, ubavuni huwa yameandikwa neno moja kati ya haya: gesi, umeme, mseto, kijani. Kwa picha za uzinduzi neno hilo linatosha. Kwa anayetaka kujua basi hilo litachafua hewa kiasi gani kuliko lile linalostaafishwa, halitoshi hata kidogo. Lipo basi la dizeli ambalo masizi yake ni machache sawa na ya basi la gesi. Lipo la umeme lisilo na nafuu yoyote kwa dunia kwa sababu ya mahali umeme wake unakotoka. Na yapo mabasi makubwa, mapya, ya kupendeza, ambayo kwa kila abiria yanachafua kuliko gari dogo la familia, kisa yanazunguka mchana kutwa na viti vitupu.

Mkanganyiko unaanzia kwenye neno "uchafuzi". Moshi una hesabu mbili, na mara nyingi huandikwa katika daftari moja. Hesabu ya kwanza ni ya hewa ukaa, ile inayoongeza joto la dunia. Hii haijali imetokea wapi. Kilo iliyotoka katikati ya jiji na kilo iliyotoka jangwani zina uzito uleule. Hesabu ya pili ni ya sumu za mtaani: masizi, oksidi za nitrojeni, kaboni monoksidi na mvuke wa mafuta yasiyoungua. Hizi humdhuru zaidi aliyesimama kituoni, muuza duka aliye pembeni mwa barabara, na dereva mwenyewe.

Hewa ukaa haina ujanja. Lita moja ya dizeli ikiungua inatoa takriban kilo 2.68, na lita ya petroli kilo 2.31. Hakuna chujio la bombani linaloipunguza. Anayekuuzia kifaa cha kupunguza hewa ukaa bila kukuonyesha lita ngapi zitaokolewa, anakuuzia maneno. Sumu za mtaani ni kinyume chake: lita ileile, ikiunguzwa kwenye injini mbili tofauti, inaweza kutofautiana mara kumi na zaidi. Viwango vya Ulaya vya moshi wa injini, vinavyoitwa Euro, vinalionyesha hilo waziwazi. Euro I ya mwaka 1992 iliruhusu injini kubwa kutoa gramu 8 za oksidi za nitrojeni kwa kila kilowati-saa ya kazi, na gramu 0.36 za masizi. Euro VI, inayotumika kwa mabasi yote mapya ya Ulaya tangu mwanzoni mwa 2014, inaruhusu gramu 0.4 na 0.01. Sumu moja imeshuka mara 20, nyingine mara 36, lakini ulaji wa mafuta wa basi la mita 12 haukushuka hata kwa nusu. Kwa hiyo mtu anaweza kusema "basi hili ni safi mno" na mwingine akajibu "linachafua vilevile", na wote wawili wakawa wamesema kweli.

Tuanze na hesabu ya kwanza. Basi la dizeli la mita 12 linalofanya kazi mjini hula karibu lita 40 kwa kilomita 100. Hiyo ni kilo 1.07 za hewa ukaa kwa kilomita. Likibeba watu 40, kila mmoja anabebeshwa gramu 27 kwa kilomita. Likibeba watu 10, gramu 107. Gari dogo la petroli linalokula lita 8 kwa kilomita 100 linatoa gramu 185. Wakipanda wawili, kila mmoja ana gramu 92. Basi lenye watu 10 limeshindwa na gari la mke na mume.

Basi dogo la viti 14, la dizeli, hula kama lita 11, yaani gramu 295 kwa kilomita. Likiwa na abiria 12, kila mmoja anabeba gramu 25. Ukigawanya vizuri utaona kwamba basi kubwa linaanza kulishinda basi dogo lililojaa pale tu linapovuka abiria 43. Hapa ndipo mipango mingi ya kufuta mabasi madogo na kuleta makubwa hujikwaa: kwenye barabara kuu saa za kazi, basi kubwa lenye watu 75 linashuka hadi gramu 14 na hakuna wa kulifikia, lakini kwenye njia ya pembezoni saa tano asubuhi, kulipeleka huko ni kuunguza dizeli kwa ajili ya kubeba vyuma. Na wastani uwe wa kwenda na kurudi. Basi linaloingia mjini alfajiri na watu 70 na kugeuza na watu 6 lina wastani wa watu 38. Anayekuletea takwimu za safari ya kwenda tu amekupa nusu ya habari.

Bodaboda nayo ina mtego wake. Pikipiki inayokula lita 2.5 kwa kilomita 100 inatoa gramu 58 tu, na wengi huishia hapo. Lakini dereva si abiria, kama ambavyo dereva wa basi hahesabiwi. Gramu 58 zote ni za yule mmoja aliyekaa nyuma, na basi kubwa linamshinda likishapata abiria 19. Kama pikipiki yenyewe ni ya injini ya mipigo miwili, ile inayochanganyiwa oili kwenye petroli, jambo ni baya zaidi upande wa sumu: hadi theluthi ya mafuta inaweza kutoka bombani bila kuungua, kwa sababu mlango wa kuingiza mchanganyiko na ule wa kutoa moshi huwa wazi kwa wakati mmoja.

Kabla ya kugusa gesi na umeme, kuna kitu kinachopuuzwa kwa sababu hakina uzinduzi. Basi lenye uzito wa tani 16 likiongeza mwendo kutoka sifuri hadi kilomita 40 kwa saa linahitaji nishati ya karibu megajuli moja. Kwa injini ya dizeli inayofaidi theluthi na kidogo ya mafuta yake, huo ni mililita 80 hivi, kikombe kidogo cha kahawa. Basi likisimama mara tatu ndani ya kilomita moja, iwe ni kituo, taa au foleni, vikombe vitatu vimeishia kuwa joto la breki. Zidisha kwa kilomita 100: lita 24. Zaidi ya nusu ya zile lita 40 zimekwenda kwenye kusimama na kuondoka. Njia maalumu ya mabasi na taa zinazolipa basi kipaumbele hupunguza vikombe hivyo bila kubadili injini hata moja. Injini ikiunguruma basi limesimama kituo cha mwisho, inakula kama lita 2.5 kwa saa. Saa tatu kwa siku ni kilo 20 za hewa ukaa na abiria sifuri.

Hesabu hii ya kusimama ndiyo inayoeleza mabasi mseto, yenye injini ya dizeli na mota ya umeme pamoja. Mota yake hurudisha sehemu ya nishati ya breki kwenye betri, na mjini huokoa kati ya asilimia 20 na 30 ya mafuta. Lipeleke basi hilo kwenye barabara ndefu isiyo na vituo, litakuwa basi la dizeli lililobebeshwa betri.

Gesi asilia ndiyo inayosifiwa kupita kiasi. Kwa kila megajuli ya nishati, gesi hutoa gramu 56 za hewa ukaa na dizeli 74. Hiyo ni tofauti ya robo, na ndiyo huandikwa kwenye mabango. Kisichoandikwa ni kwamba injini ya gesi ya mabasi kwa kawaida huwashwa kwa plagi kama ya petroli, na ufanisi wake uko chini ya dizeli. Chukulia inahitaji nishati ya ziada ya asilimia 20 kwa kazi ileile. Basi letu litatumia kilo 34.5 za gesi kwa kilomita 100 na kutoa kilo 95 za hewa ukaa badala ya 107. Robo imebaki asilimia 11.

Hata hiyo asilimia 11 ina adui. Gesi asilia ni methani, na kilo moja ya methani ikivuja bila kuungua huongeza joto sawa na karibu kilo 30 za hewa ukaa kwa kipindi cha miaka 100, na zaidi ya kilo 80 kwa miaka 20, kwa mujibu wa tathmini ya jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi ya 2021. Fanya hesabu: zikivuja asilimia 1.2 za gesi hiyo kati ya kisima na bomba la moshi, nafuu yote ya bombani imeliwa. Kwa kipimo cha miaka 20 inatosha chini ya nusu asilimia. Dizeli nayo ina deni lake la kuchimbwa, kusafishwa na kusafirishwa, karibu moja ya tano juu ya moshi wa bombani, na gesi inalo lake la kusafishwa na kushindiliwa, kwa hiyo mstari wa mwisho husogea kidogo huku au kule. Lakini hausogei kiasi cha kuifanya gesi kuwa dawa ya tabianchi.

Uvujaji wenyewe una mahali pake panapojulikana. Viungio vya mabomba ya mitungi, ambayo hubeba shinikizo la bar 200 au zaidi, hulegea kwa mtikisiko. Regyuleta, kifaa cha kupunguza shinikizo, hukakamaa mipira. Kila ujazaji huachia hewani gesi iliyobaki kwenye mpira wa kujazia. Injini ambayo hewa ya ndani ya kreki, sehemu ya chini ya injini, haikurudishwa kwenye manifoldi ya kuingiza hewa hutema methani mchana kutwa. Na katalisti, kifaa cha bombani kinachogeuza sumu za moshi, ikichakaa, methani ndiyo ya kwanza kupenya, kwani ni ngumu kuunguzwa: katalisti huhitaji joto la nyuzi 400 au zaidi kuishughulikia. Fundi mwenye brashi na povu la sabuni anaweza kukagua viungio vyote vya basi moja ndani ya nusu saa. Karakana nyingi hufanya hivyo pale tu dereva anapolalamikia harufu.

Kwenye hesabu ya pili gesi ilistahili sifa zake, kwa wakati wake. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya India iliamuru mabasi ya Delhi yahamie kwenye gesi, na kufikia mwisho wa 2002 kazi ilikuwa imekamilika. Yaliyoondolewa yalikuwa mabasi ya dizeli ya zamani yasiyo na chujio lolote, kwa hiyo masizi ya bombani yalishuka kwa kishindo. Anayetumia mfano wa Delhi leo anapaswa kulinganisha na basi la dizeli la leo, na hapo tofauti ya masizi inakaribia kutoweka.

Inakaribia kutoweka, mradi chujio lipo na linafanya kazi. Chujio la masizi ni tofali la kauri lenye vijitundu vingi kama sega la nyuki, kimoja kimezibwa mbele na jirani yake nyuma, ili moshi ulazimike kupita ukutani. Hukamata zaidi ya asilimia 95 ya masizi, kisha huyaunguza kwa joto la karibu nyuzi 600. Vinavyoliua ni vichache na vinajulikana. Salfa ni ya kwanza: teknolojia ya Euro VI imeundwa kwa dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni, na ukiliwekea dizeli ya sehemu 500 utaharibu katalisti mapema kabisa. Oili isiyo sahihi ni ya pili, maana majivu yake hayaungui na hujaa humo mpaka litolewe na kusafishwa. Ya tatu ni turbo inayovujisha oili. Ya nne ni dereva anayezima injini kila mara katikati ya uunguzaji kwa sababu zamu imeisha. Basi likikosa nguvu, fundi hukata chujio, huchomea bomba tupu na kudanganya kompyuta. Kwenye kadi limebaki Euro VI. Kuligundua hakuhitaji maabara: pitisha kitambaa cheupe ndani ya ncha ya bomba la moshi. Bomba lenye chujio zima huacha kitambaa karibu cheupe. Likitoka jeusi tii, chujio limepasuka au halipo.

Oksidi za nitrojeni hushughulikiwa kwa njia nyingine, kunyunyizia maji ya urea ya asilimia 32.5 kwenye moshi kabla ya katalisti. Mfumo huo unaanza kufanya kazi vizuri moshi ukifika nyuzi 200 hivi, na basi linalotambaa kwenye foleni mara nyingi halifiki huko. Ndiyo sababu mabasi ya Euro V yalifaulu vizuri maabara na kutia aibu barabarani, na ndiyo sababu Euro VI ikalazimisha kupima kwa mashine inayofungwa kwenye gari likiwa safarini. Tangi la urea ambalo halipungui ni dalili mbaya: basi linalokula lita 40 za dizeli linapaswa kula kama lita 2 za urea.

Umeme sasa. Basi la mita 12 hutumia kama kilowati-saa 1.3 kwa kilomita. Ukiongeza upotevu wa kuchaji, soketi inasoma karibu 1.45. Upande wa dizeli, ukiongeza lile deni la moja ya tano, kilomita moja ni kilo 1.28. Gawanya: umeme unashindwa pale tu gridi, yaani mtandao wa umeme, inapotoa kilo 0.88 za hewa ukaa au zaidi kwa kila kilowati-saa. Hiyo ni gridi inayokaribia kuwa ya makaa ya mawe matupu. Umeme wa mtambo mzuri wa gesi, wenye kilo 0.4 hivi, unalifanya basi litoe gramu 580 kwa kilomita, chini ya nusu ya dizeli. Wa maporomoko ya maji ni gramu za makumi tu.

Betri ina deni lake la kiwandani, na wanaoupinga umeme hupenda kuishia hapo. Kwa makadirio ya kilo 60 hadi 100 za hewa ukaa kwa kila kilowati-saa ya uwezo wake, betri ya kilowati-saa 300 imegharimu tani 18 hadi 30. Basi linalotembea kilomita 60,000 kwa mwaka kwa ule umeme wa gesi linaokoa tani 42. Deni zito kabisa limelipwa kabla ya mwezi wa tisa kwisha.

Panapoharibika ni kwingine. Jenereta ya dizeli hula lita 0.27 hivi kwa kilowati-saa. Ukilichaji basi kwa jenereta kwa sababu laini ya umeme ya yadi haijaongezwa nguvu, umepata kilo 1.05 kwa kilomita: basi la dizeli ambalo bomba lake la moshi limehamishiwa nyuma ya ukuta. Kiyoyozi kinaweza kuongeza ulaji kwa robo na zaidi, na katika nchi za baridi mabasi mengi ya umeme hufungwa hita inayounguza dizeli ili kuokoa betri, jambo ambalo halionekani kwenye maandishi ya ubavuni. Breki hutoa vumbi kidogo kwa kuwa mota ndiyo hufunga mwendo, lakini tairi hubeba uzito wa betri na kusagika zaidi. Hata hivyo, kwa mtu wa kituoni hakuna kinacholingana na umeme. Shenzhen ilikamilisha kubadili mabasi yake zaidi ya 16,000 mwishoni mwa 2017, China ikiwa bado inategemea makaa ya mawe kwa sehemu kubwa ya umeme wake. Barabara zake zilipumzika na moshi wa mabasi siku hiyohiyo, bila kusubiri gridi isafishwe.

Haidrojeni nitaipitia haraka. Basi lake hutumia kama kilo 8.5 kwa kilomita 100. Haidrojeni ikitengenezwa kwa gesi asilia, kila kilo imekwisha kutoa kilo 9 au 10 za hewa ukaa kiwandani. Tunarudi kwenye kilo 0.8 kwa kilomita kabla ya kuishindilia na kuisafirisha. Ikitengenezwa kwa umeme, inakula kilowati-saa 55 kwa kilo, yaani 4.7 kwa kilomita, zaidi ya mara tatu ya basi la betri. Dizeli ya mimea inategemea mmea: ya mafuta ya kukaangia yaliyotupwa ni nafuu ya kweli, ya michikichi iliyopandwa palipofyekwa msitu inaweza kuwa mbaya kuliko ya kisimani. Anayeanza kuichanganya kwa asilimia 20 aweke akiba ya filta, kwa sababu huyeyusha uchafu wa miaka uliogandia ndani ya tangi na kuusukuma wote kwenye filta ndani ya wiki za mwanzo.

Mwenye mabasi hahitaji mtaalamu kujua yuko wapi. Achukue lita za mwezi, azidishe kwa 2.68, agawanye kwa kilomita-abiria, ambazo ni tiketi zilizouzwa mara wastani wa urefu wa safari. Basi lililotembea kilomita 4,750 kwa lita 1,900, likauza tiketi 15,000 za wastani wa kilomita 6, lina kilomita-abiria 90,000 na gramu 57 kwa kila moja. Lina wastani wa abiria 19. Hapo tatizo si nozeli za kunyunyizia dizeli, ni ratiba.

Upande wa sumu, kwa mabasi ya zamani, macho hufanya kazi ya kwanza. Moshi mweusi ni hewa kidogo au dizeli nyingi: filta ya hewa, nozeli, turbo, au pampu iliyofunguliwa ili basi lipande mlima. Wa bluu ni oili, ringi au sili za valvu. Mweupe usiokoma injini ikiwa imepata moto ni maji au dizeli isiyoungua. Kisha kipimo cha weusi wa moshi: injini ipate joto, bomba lisafishwe kwa kukanyaga mafuta mara mbili tatu, gia iwe huru, pedali ikanyagwe upesi hadi mwisho mara tatu, wastani uandikwe. Ulaya hukubali 3.0 kwa mita (kipimo cha jinsi moshi unavyozuia mwanga) kwa injini za turbo za kabla ya Euro IV, 1.5 kuanzia hapo, na 0.7 kwa Euro VI. Kipimo hicho hakioni chembe ndogo kabisa, kwa hiyo chujio lenye ufa hupita. Ndiyo maana Uholanzi ilianza mwaka 2023 kuhesabu chembe zenyewe kwenye magari ya dizeli yenye chujio.

Na kama vitabu vinaonyesha basi moja linakula lita 55 kwenye njia ambayo wenzake wanakula 40, wala halitoi moshi mweusi, usikimbilie kufungua injini. Pima tangi usiku basi linapoingia yadi, kisha alfajiri kabla halijawashwa.